Bei ya Mkataba: Hotuba Kuhusu Nguvu na Udhaifu wa Kuroshitsuji

Ndugu Mwenyekiti, walimu wa fasihi, wazazi mlioandamana na watoto wenu, na ninyi vijana mliojaza viti vya mbele, nawashukuru kwa mwaliko huu. Nimetakiwa nizungumzie nguvu na udhaifu wa mfululizo mmoja wa katuni za Kijapani wenye giza, mashetani na mandhari ya Uingereza ya Malkia Victoria, nami nimeuchagua Kuroshitsuji, ambao wengi wenu mnaufahamu kwa jina la Kiingereza la Black Butler. Ni kazi ninayoipenda kwa muda mrefu, na kwa kuwa naipenda sitazifunika aibu zake.

Kwa wasioujua, kisa hiki kilianza kama manga, yaani hadithi ya katuni za kuchapishwa, iliyotungwa na kuchorwa na Yana Toboso, ambayo ilianza kuchapishwa mwaka 2006 katika jarida la kila mwezi la GFantasy la kampuni ya Square Enix. Anime ya kwanza, yaani katuni ya kutazamwa kwenye runinga, ilitengenezwa na studio ya A-1 Pictures chini ya mwongozaji Toshiya Shinohara, ikarushwa Japani kuanzia Oktoba 2008 hadi Machi 2009 kwa sehemu 24. Msimu wa pili, wa sehemu 12, ulitoka mwaka 2010. Mwaka 2014 ukaja Book of Circus wa sehemu 10, chini ya mwongozaji Noriyuki Abe, ukifuatwa mwaka huohuo na Book of Murder. Filamu ya Book of the Atlantic ilitoka Januari 2017. Kisha kukawa na kimya cha miaka saba hadi studio ya CloverWorks ilipourudisha mfululizo mwaka 2024 kwa kisa cha shule ya bweni, na mwaka 2025 kwa kisa cha mchawi wa Ujerumani.

Mhusika mkuu ni Ciel Phantomhive, mtoto wa miaka 12 mwenye cheo cha Earl, yaani cha kikabaila cha Uingereza, mmiliki wa kampuni ya midoli na peremende iitwayo Funtom. Tarehe 14 Desemba 1885, siku aliyotimiza miaka 10, wazazi wake waliuawa na jumba lao likateketezwa, naye akaangukia mikononi mwa watu waliokuwa wakiwachinja watoto kama kafara. Akiwa ndani ya kizimba chao, katika uchungu usiosemeka, alimwita yeyote atakayemsikia, na aliyemsikia alikuwa shetani. Wakakubaliana kwamba shetani atamlinda, atamtii na hatamdanganya mpaka kisasi kitimie, na siku kitakapotimia ataila roho yake. Alama ya mkataba imo ndani ya jicho la kulia la mtoto, ambalo hulifunika kwa kitambaa. Shetani akavaa koti jeusi la mtumishi mkuu wa nyumba na akapewa jina la Sebastian, jina lililokuwa la mbwa wa familia.

Naomba niseme mapema ninachokiamini, ili kila nitakalolisema baadaye mlipime kwa hilo. Nguvu ya Kuroshitsuji haiko katika mavazi wala katika mapigano, ingawa yote mawili yanapendeza, bali iko katika mkataba ule. Kila mahali ambapo watungaji wameiheshimu bei iliyoandikwa ndani yake, kazi hii inafikia kiwango cha fasihi kubwa, na kila mahali walipoikwepa bei hiyo imeporomoka, hata kama picha zimeendelea kuwa nzuri.

Sisi tuliokulia kwenye masimulizi ya watu wanaofuga majini ili watajirike hatuhitaji kufundishwa hofu ya makubaliano ya namna hii. Tunajua kwamba jini halihongeki, na kwamba siku ya kudai hakuna sheikh wala mganga atakayelisomea likasahau. Tofauti kubwa ya Toboso ni kwamba hakumpa mkataba mtu mwenye tamaa ya mali. Amempa mtoto aliyedhulumiwa, ambaye kila mmoja wetu angemwonea huruma, kisha amemwacha mtoto huyo awe ndiye anayetoa amri. Shetani haanzishi jambo. Husimama pembeni, mkono wa kulia kifuani, akingoja kuambiwa. Kwa hiyo kila unyama unaotendeka ndani ya kisa hiki umepitia kwanza kinywani mwa mtoto, na mtazamaji hawezi kujificha nyuma ya visingizio vya kwamba shetani alimpotosha.

Wala tusidanganyike na ulaini wa Sebastian. Anampikia Ciel kifungua kinywa, anamfunga kamba za viatu, anamfundisha kucheza dansi, anamtajia aina ya chai iliyomo kwenye birika. Mfululizo wenyewe hausiti kutuambia kwamba malezi haya yote ni ya mlaji anayekiandaa chakula chake. Daisuke Ono, anayemwigiza Sebastian kwa sauti, ameielewa kazi hiyo vizuri, kwa maana adabu yake haipandi wala haishuki hata anapovunja shingo ya mtu. Maaya Sakamoto naye, mwanamke anayetoa sauti ya Ciel, amempa mtoto huyu ukavu wa mtu mzima aliyechoka, kisha mara chache sana, kwa sekunde mbili tatu, anauachia ukavu ule na tunasikia umri wake halisi. Muziki wa msimu wa kwanza, uliotungwa na Taku Iwasaki, unajua lini uwe wa jumba la kifahari na lini uwe wa makaburini. Nayasema haya kwa haraka kwa sababu karibu kila anayeisifu kazi hii huyasema, nami nakubaliana nao.

Ninapotaka kukaa kidogo ni kwenye Uingereza yenyewe. Hadithi inatokea mwaka 1888 na 1889, na mwaka 1888 ulikuwa ndio mwaka wa mauaji ya Whitechapel, mashariki mwa London, ambako kati ya tarehe 31 Agosti na 9 Novemba wanawake watano waliuawa na mtu ambaye hakupata kujulikana, aliyeitwa Jack the Ripper. Toboso amelichukua tukio hilo la kweli na kulipa jibu lake la kubuni, kwamba muuaji ni Madam Red, daktari, dada wa mama yake Ciel, akisaidiwa na Grell Sutcliff, mmoja wa watoa roho wa ulimwengu wa kisa hiki. Madam Red alipoteza mume, mimba na uwezo wa kuzaa katika ajali moja ya gari la farasi, kisha hospitalini akawa anawahudumia wanawake waliokuwa wakizitoa mimba ambazo yeye angetoa chochote kuzipata. Wivu huo ukawa kisu.

Hapa pana ubora na pana kasoro katika jambo lilelile. Kasoro ni kwamba wanawake wale walikuwepo duniani. Waliitwa Mary Ann Nichols, Annie Chapman, Elizabeth Stride, Catherine Eddowes na Mary Jane Kelly, walikuwa maskini, na baadhi yao walikuwa na watoto. Mfululizo unampa muuaji wa kubuni koti jekundu la kupendeza, historia ndefu na machozi, ilhali waliouawa hawapewi hata sura. Watazamaji wengi wanatoka pale wakimlilia Madam Red, na mimi naona hilo ni jambo la kutufanya tusimame na kujiuliza tumelishwa nini. Hata hivyo Toboso hakulala kabisa. Baada ya mazishi ya kifahari ya Madam Red, Ciel anapelekwa kwenye kaburi la Mary Kelly, ambaye hakuwa na ndugu wa kuuchukua mwili wake, na kaburi hilo limegharimiwa na Ciel. Anaposifiwa kwa wema anakataa sifa hiyo, akieleza kwamba usiku ule aliweka mbele kumkamata muuaji kuliko kumwokoa mwanamke aliyekuwa ndani ya nyumba. Ni dakika chache tu, lakini ndizo zinazonifanya niamini kwamba mtunzi anajua anachokifanya. Mtoto amelipa jiwe la kaburi kwa sababu anaijua hesabu ya amri zake.

Sasa nije kwenye Book of Circus, ambayo kwangu ndiyo kilele cha mfululizo wote, na naomba mnivumilie nikichelewa hapo. Watoto wanapotea kila mahali sarakasi iitwayo Noah's Ark inapopita. Malkia anamwandikia Ciel, kwa kuwa ukoo wa Phantomhive ndio Mbwa Mlinzi wa Malkia, wanaosafisha uchafu usiopaswa kuonekana. Ciel na Sebastian wanajiunga na sarakasi kwa majina ya bandia, na huko wanakuta watu wema. Joker, Beast, Doll, Dagger na wenzao walikuwa watoto wa mitaani, wengi wao wakiwa na ulemavu, waliookotwa na Baron Kelvin aliyewapa chakula na viungo vya bandia. Wanaiba watoto wa watu kwa sababu tajiri huyo amewashikia mkononi wadogo zao waliobaki katika nyumba ya kazi ya maskini.

Nyumba hizo zilikuwa kweli katika historia ya Uingereza. Sheria ya Maskini ya mwaka 1834 ilikusudia kwamba asiyejiweza asaidiwe ndani ya kuta zake, na maisha ya humo yalifanywa magumu kwa makusudi ili pasiwe na mtu wa kuyatamani. Kisa hiki hakitoi somo la historia kuhusu sheria hiyo, wala hakihitaji, kwa sababu tunaiona ikifanya kazi: watu wanaojua maana ya kuachwa wako tayari kutenda dhambi yoyote ili wadogo zao wasiachwe.

Kuna jambo moja ndani ya kisa hicho ambalo sijaona lolote linalolishinda katika anime za aina hii. Viungo vya bandia vya wanasarakasi ni vyepesi, vyeupe na laini kama vyombo vya kaure, na daktari aliyevitengeneza anajivunia siri yake. Waingereza tangu mwisho wa karne ya 18 walikuwa wakitengeneza kaure bora kwa kuchanganya udongo na majivu ya mifupa ya ng'ombe, na vikombe vya namna hiyo ndivyo vilivyokuwa fahari ya meza za chai za matajiri. Daktari yule ametumia mifupa ya watoto. Fikirieni sasa ni mara ngapi, tangu sehemu ya kwanza, tumemwona Sebastian akimimina chai ndani ya kaure nyeupe na kamera ikaipenda kaure ile. Hatukuambiwa neno, lakini ustaarabu tulioustaajabia kwa saa nyingi umefunguliwa mbele yetu na tumeoneshwa umejengwa kwa nini. Kwa kitu kimoja kidogo cha mezani, watungaji wamesema juu ya enzi ile jambo ambalo vitabu vizito hulisema kwa kurasa mia.

Kisha linakuja tendo lenyewe. Ndani ya jumba la Baron Kelvin, Ciel anawakuta watoto walioibwa wakiwa wamekwisha kuvunjwa akili, na anakuta mahali palipojengwa upya kwa mfano wa pale alipoteswa yeye. Malkia alitaka watoto wapatikane. Sebastian, shetani, anamkumbusha hilo. Mtoto anampigia kelele ateketeze kila kitu, na jumba linateketezwa pamoja na watoto waliokuwa hai ndani yake. Wakati huohuo wanasarakasi waliotumwa kwenda kumchukua Ciel nyumbani kwake wanauawa mmoja mmoja na watumishi wake, walewale ambao kwa misimu yote tumewazoea kama wapumbavu wa kuvunja sahani. Mwishoni Ciel anakwenda kuitafuta ile nyumba ya kazi iliyokuwa sababu ya yote, na anakuta gofu. Wadogo wale walikwisha kutoweka zamani, na Joker na wenzake walitenda dhambi zao na kufa kwa ajili ya jengo tupu. Ciel anacheka mpaka anashindwa kupumua.

Kila nikiitazama sehemu hiyo nauliza kama ni haki kumwonesha mtoto akiua watoto, na kila mara najibu kwamba hapa ni haki, kwa sababu hakuna kinachofunikwa. Bei ya mkataba si roho itakayoliwa siku ya mwisho peke yake. Roho inaliwa kila siku, kwa kila amri, na Ciel analifahamu hilo hata anapokataa kulisema. Hakuna muziki wa kumtetea wala mzee mwema wa kumsamehe.

Baada ya hapo ni lazima nirudi nyuma kwenye mambo ya kusikitisha. Msimu wa kwanza ulianza kurushwa wakati manga ilikuwa na umri wa miaka miwili tu. Kisa cha mtunzi hakikutosha kujaza sehemu 24, na watengenezaji wakalazimika kubuni njia yao. Ndipo akaingia malaika mwenye kutaka kuutakasa ulimwengu kwa moto, mbwa wa kishetani mwenye kugeuka mtu, Malkia mwenye siri ya ajabu mwilini mwake, na London nzima ikawaka. Kosa ninaloliona halimo katika kubuni kwenyewe, kwa maana mwandishi wa anime ana haki hiyo. Kosa ni kwamba kisa kilichokuwa juu ya uchaguzi wa mtoto mmoja kiligeuzwa kuwa vita kati ya malaika na shetani, na mtoto akawa mtazamaji katika hadithi yake mwenyewe.

Hata hivyo msimu ule ulijikomboa katika dakika zake za mwisho. Baada ya pambano juu ya daraja la Tower Bridge, ambalo wakati huo lilikuwa bado linajengwa, Sebastian anampeleka Ciel mahali pa upweke, anamketisha juu ya benchi la jiwe, na mtoto anamwambia asimwonee huruma, ayafanye maumivu yawe makali. Deni limefika na mwenye kudaiwa hatafuti upenyo. Ningekuwa na uwezo ningeufunga mfululizo wa mwaka 2009 hapohapo na kuondoka.

Msimu wa pili ukalifungua kaburi hilo. Tukaambiwa kwamba roho haikuliwa, tukaletewa bwana mdogo mwingine, Alois Trancy, na shetani mwingine, Claude Faustus, kumbukumbu za Ciel zikafutwa, na mwishowe Ciel mwenyewe akageuzwa shetani, ili Sebastian abaki akimtumikia milele bila kupata mlo aliousubiri. Najua wapo kati yenu wanaoutetea mwisho huo kwa hoja kwamba aliyeadhibiwa ni shetani, na kwamba kuna haki fulani katika mwindaji kunaswa na mtego wake. Hoja hiyo nimeisikiliza kwa makini na siikubali. Mkataba ulimfanya Ciel awe mtu anayehesabiwa matendo yake. Mwisho wa msimu wa pili unamvua hesabu hiyo na kumpa uzima usiokoma, bila yeye kutoa chochote. Watengenezaji wenyewe waliporudi mwaka 2014 waliyaacha mambo hayo yote kando na kuifuata manga kama kwamba hayakutokea, na nadhani huo ulikuwa uamuzi wa busara kuliko wote uliofanywa katika historia ya mfululizo huu.

Udhaifu wa pili ni uwezo usio na mpaka wa Sebastian. Anayeweza kila kitu haogopwi, wala hakuna anayehofu kwa ajili yake, na mapigano mengi ya misimu ya mwanzo yanatazamwa tu kama maonesho ya umahiri. Visa vinavyofaulu ni vile vinavyomkutanisha na kitu kisichotatuliwa kwa nguvu: Agni, mtumishi wa Kihindi ambaye ni binadamu tu lakini imani yake kwa bwana wake inampa uwezo wa kushindana na shetani, au, katika filamu ya mwaka 2017, yule mzika maiti aliyekuwa akichekesha kwa miaka mingi, ambaye ndani ya meli ya Campania anajifunua kuwa mtoa roho wa zamani na kumjeruhi Sebastian vibaya kiasi kwamba kwa mara ya kwanza tunahofu.

La tatu ni gumu zaidi kulisema mbele ya wazazi, lakini nisingekuwa mkweli kama ningelinyamazia. Mara kadhaa, hasa katika misimu miwili ya kwanza, kamera inamtazama mtoto huyu kwa jicho ambalo mtoto hapaswi kutazamwa. Kuna tukio la Ciel kufungwa korseti ili avae kama msichana, na sauti zake zimepangwa ili mtazamaji adhani jambo jingine kisha acheke. Msimu wa pili ulizidi katika hilo. Ninayaona mambo haya kuwa mabaya kwa sababu mbili. Ya kwanza haihitaji maelezo. Ya pili ni kwamba yanaidhoofisha kazi yenyewe, ambayo kiini chake ni mtoto aliyedhulumiwa na watu wazima waliomfanya kifaa cha starehe zao. Uingereza ileile ya mwaka 1885, mwaka ambao jumba la Phantomhive linachomwa, ilikuwa imetikiswa na habari za mwandishi wa gazeti W. T. Stead kuhusu biashara ya wasichana wadogo jijini London, na Bunge likapandisha umri wa ridhaa kutoka miaka 13 hadi 16. Mtunzi anayekichagua kipindi hicho amechagua pia jeraha hilo, na huwezi kulilia jeraha katika Book of Circus huku ukilifanyia mzaha kwingine. Natambua kwamba misimu ya CloverWorks imepunguza sana jambo hili, na nawapongeza.

Kuna pia suala la himaya. Mwanamfalme Soma wa Bengal na mtumishi wake Agni wanaletwa London, na shindano la mchuzi wa kari linafanyika katika Crystal Palace mbele ya Malkia. Ni sehemu ya kufurahisha sana, na hata mkate wa kukaanga wenye kari ambao Sebastian anaubuni, ambao kwa kweli ni chakula cha Kijapani cha karne ya 20, unapendeza kwa ujasiri wake wa kuichezea historia. Malkia Victoria halisi, tangu mwaka 1887, alikuwa na mtumishi wa Kihindi aitwaye Abdul Karim aliyekuja kumfundisha Kiurdu, na meza yake ilijua kari. Vilevile naipenda sehemu ambapo Soma, aliyekuja kumtafuta kijakazi wake Mina akiamini ameibwa, anagundua kwamba Mina aliondoka kwa hiari yake kwa sababu hakutaka kuzeeka akiwa mtumishi. Hapo kwa muda mfupi mtumishi amezungumza, na bwana amenyamaza. Lakini Mchina wa mfululizo huu, Lau, amewekwa ndani ya moshi wa kasumba akizungukwa na wanawake, na hakuna anayetaja kwamba Uingereza ndiyo iliyopigana vita na China, mwaka 1839 hadi 1842, na tena mwaka 1856 hadi 1860, na kwamba biashara ya kasumba iliyoingizwa kutoka India ilikuwa kiini cha ugomvi huo.

Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tunayo sababu ya pekee ya kuuona ukimya huo. Mwaka 1888 wa Ciel ndio mwaka ambao kampuni ya William Mackinnon, Imperial British East Africa Company, ilipata hati ya Malkia ya kuitawala sehemu ya nchi hii iliyokuwa imetengwa kwa Waingereza katika mapatano yao na Wajerumani ya mwaka 1886, wakati upande wa Pangani Abushiri alikuwa akipigana na kampuni ya Wajerumani. Simtaki Toboso aandike habari zetu, maana hakukusudia hivyo. Ninachokisema ni kwamba Malkia anayeonekana humu kama bibi mpole mwenye huzuni ya mumewe alikuwa na mikono mirefu kuliko London, na kisa kinachojigamba kuonesha uchafu wa himaya kinauonesha hasa ule uliokuwa mitaa michache kutoka ikulu.

Misimu ya karibuni nitaipitia kwa ufupi. Kisa cha shule ya Weston, kilichotoka mwaka 2024 chini ya mwongozaji Kenjirou Okada, kinakwenda polepole na kina wavulana wengi mno wa kuwakumbuka, na mechi ya kriketi imechukua nafasi kubwa kuliko inavyostahili. Kinachokiokoa ni viranja wake wanne, vijana wa heshima waliomuua mwenzao na hawaoni kosa, kwa kuwa walikuwa wakiilinda mila ya shule. Kisa cha mchawi wa Ujerumani, cha mwaka 2025, ni bora zaidi kwa mbali. Msichana Sieglinde amefungiwa kijijini msituni, miguu yake imelemazwa, akiamini yeye ni bibi wa wachawi anayewalinda wanawake wa kijiji dhidi ya laana ya mbwamwitu, na kwamba anaandika tego kuu la uchawi. Tego hilo ni fomula ya gesi ya sumu, na waliomzunguka ni watu wa jeshi. Katika mfululizo uliojaa mashetani wa kweli, watungaji wamethubutu kusema kwamba laana ya kijiji hiki ilikuwa kemia, na kila anayejua jinsi gesi ya sumu ilivyotumika vitani huko Ypres, Ubelgiji, mwaka 1915 na 1917 anaelewa kwa nini kisa cha 1889 kinatisha namna ile. Sieglinde naye ni mtoto aliyeandikiwa mkataba na wakubwa, ila yeye hakuambiwa masharti yake. Anapoyajua anaumia kwa namna ambayo Ciel hajaiumia tangu siku ile ya kizimba, na Ciel, kwa ukali wake wote, ndiye anayemwambia achague.

Vijana wameniuliza kabla ya kikao waanzie wapi. Tazameni msimu wa kwanza tangu mwanzo hadi mwisho wa shindano la kari, yaani sehemu ya 15. Mkitaka kuuona mwisho wake juu ya benchi la jiwe, utazameni peke yake, kama hadithi inayojitegemea. Kisha rukeni msimu wa pili wote, mwende Book of Circus, Book of Murder, filamu ya Atlantic, shule ya Weston na mchawi wa Ujerumani, kwa utaratibu huo. Wazazi, mimi binafsi nisingempa mtoto wa chini ya miaka 16 Book of Circus, na hata mwenye miaka 16 ningeketi naye pale jumba linapoanza kuwaka.